Mistari Juu ya Keki

Kidole cha Brenton Scholz tulikiacha juu ya kitufe cha kuchapisha, na wiki nzima kimekaa hapo hapo, kinene, kinang'aa mafuta ya pai ya nyama. Wasomaji watatu wameniandikia wakitaka nikikate. Subirini kidogo.

Kwa aliyeingia leo, mambo ni haya. Brenton ana ofisi katika mji wa Toowoomba inayoandikia biashara za watu makala za mtandaoni. Kichwa cha kubuni makala hizo hana, na hajawahi kujisumbua kukitafuta. Kazi yake ni kumtuma Janelle Purtell, mwanamke wa miaka thelathini na minne, akae kwenye majukwaa ya mtandaoni wanakozungumza watu wenye shughuli zao, asikilize wanaulizana nini, kisha arudi na ndoo imejaa. Wizi huo wameupa jina la heshima. Wanauita utafiti.

Mteja wa sasa ni kampuni ya unga. Kwa hiyo miezi minane Janelle amekaa kwenye jukwaa la akina mama wanaooka keki za maonyesho ya kilimo, akijiita Bibi Verna Lusk, mjane wa miaka sabini na moja. Mama mmoja akiuliza kwa nini zabibu zake zinazama chini ya keki, na wenzake arobaini wakamjibu, Jumanne inayofuata makala inatoka: "Kwa Nini Zabibu Huzama". Maneno ni yao, pamoja na utani wao. Jina lililo juu ni la unga.

Kisha Bi Dulcie Hamann akamwandikia Verna faraghani. Bi Dulcie ana miaka sabini na minane, na kwa miaka ishirini na sita amekuwa jaji wa keki za matunda kwenye Maonyesho ya Mount Tarrin. Alimwambia Verna jambo ambalo hajamwambia hata binti yake: tangu alipougua mafua makali mwaka juzi, hasikii harufu wala ladha ya kitu chochote. Maonyesho ya mwaka jana alihukumu kwa macho na vidole. Maonyesho ya Jumamosi hii ni yake ya mwisho. Akimaliza, anavua koti lake jeupe na kwenda nyumbani na heshima yake.

Janelle alikwenda kuchemsha maji ya chai akaiacha kompyuta wazi. Brenton akapita. Brenton akasoma.

"Hii ndiyo!" akasema. "Jaji wa Keki Asiyeonja Keki! Janelle, miezi minane unaniletea zabibu, kumbe dhahabu umeikalia!"

"Bosi, toa mkono hapo."

"Nimeshaiandika. Dakika ishirini tu."

Na kweli ilionekana ni ya dakika ishirini.

"Yule mama ameniambia siri," Janelle akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, na mimi nasema aibu yake, maana sauti nene ilitakiwa miezi minane iliyopita.

"Amekwambia wewe? Amemwambia Verna. Verna ni wa ofisi."

"Ana miaka sabini na minane!"

"Sijamtaja jina."

Janelle akainama asome. Brenton hakumtaja jina, ni kweli. Alitaja umri, alitaja keki za matunda, alitaja miaka ishirini na sita, na alitaja maonyesho madogo kusini mwa Toowoomba. Kwa watu wa Mount Tarrin ilibaki kuchora ramani ya nyumba yake tu.

"Watamjua kabla hawajafika aya ya pili," Janelle akasema.

"Vizuri. Basi watasoma mpaka ya tatu."

Kidole kikashuka. Janelle akapayuka neno la kwanza lililomjia mdomoni.

"Picha!"

Kidole kikasimama.

"Picha ya nini?"

"Huna picha ya keki, bosi. Nani atasoma makala ya keki isiyo na keki? Gaylene wa unga atakurudishia usoni."

Brenton akafikiri. Kwa Brenton, kufikiri ni kazi inayoonekana kwa nje. Shingo inakuwa nyekundu.

"Unayo wewe?"

"Nitaoka usiku wa leo— hapana, asubuhi. Nikuletee kesho saa nne. Keki ya maonyesho, yenyewe hasa."

"Saa nne kamili," akasema Brenton. "Na ipendeze."

Hapo ndipo kidole kilipoondoka kwenye kitufe, na wasomaji wangu watatu mtulie.

Sasa nisikilizeni, maana jambo linalofuata ni dogo na dunia nzima ya Mount Tarrin imesimama juu yake. Keki ikitoka kwenye tanuri, mtu wa kawaida anaipindua juu ya waya wa kupozea na kwenda kuangalia televisheni. Keki ya moto ni laini, waya ni mgumu, na uso wa keki unabaki na mistari. Nyumbani kwako hakuna atakayekusemesha. Kwenye maonyesho, mistari hiyo ni aibu. Jaji hahitaji hata kisu. Mimi mwenyewe nilinyimwa utepe wa buluu wa mshindi mwaka fulani kwa mistari miwili ambayo mume wangu aliapa haionekani, na sijamsahau jaji yule, wala mume. Mwokaji wa maonyesho huupindulia uso wa keki juu ya kitambaa kilichokunjwa, na hilo analijua kabla hajajua kuendesha gari.

Janelle alilijua. Alifundishwa na Bi Dulcie mwenyewe, mwezi wake wa pili jukwaani, Verna alipouliza swali la kijinga na mama wa watu akamjibu kwa aya nne bila kumcheka.

Jumatano asubuhi Janelle akaoka keki ya siagi. Ikaumuka vizuri, rangi ya asali, pembe zimenyooka. Akaitazama. Kisha akautoa waya kwenye ndoano, akaipindua keki uso chini, akaikandamiza kwa viganja vyote viwili.

Alipoinua, keki ilikuwa na mistari kumi na moja.

Saa nne kamili Brenton aliipokea kwa mikono miwili.

"Loo! Sasa hii ndiyo keki!"

"Unaipenda, bosi?"

"Hii mistari! Inaonekana imechomwa juu ya makaa."

"Ndiyo mtindo wa maonyesho," Janelle akasema bila kupepesa macho.

Gaylene Tuckwell, mwenye kampuni ya unga, alikuwa kwenye simu ya video. Huyu mama anauza unga tani kwa tani na keki za siku yake ya kuzaliwa ananunua dukani. Akakaza macho.

"Brenton, hiyo mistari ni ya nini?"

"Ni uhalisi, Gaylene. Mkono wa nyumbani. Watu wamechoka na vitu laini laini."

"Enhe," akasema Gaylene, akiwa na haraka ya kwenda kusukwa nywele. "Basi sawa."

Wataalamu wawili wa keki! Makala ikatoka saa sita mchana, jina la unga juu, keki yenye mistari kumi na moja katikati, na chini yake siri ya mama wa watu. Brenton akala kipande kikubwa cha ushahidi, akajifuta kwa tai.

Janelle akaingia jukwaani. Aliweka kiungo cha makala, kisha Bibi Verna akaandika kwa upole wake wote:

"Wapendwa, macho yangu yamezeeka. Hivi hiyo keki ina mistari ya waya, au ni miwani yangu?"

Dakika ya tatu, jukwaa likalipuka.

"Jamani! Hiyo ni keki au dirisha la jela?" akaandika Shirl wa Dalby.

"Shirl, usiitukane jela. Kaka yangu alikaa kule na keki zao zilipozwa vizuri."

"Mtu hajui kupoza keki, anataka kutufundisha habari za majaji!"

"Mjukuu wangu wa darasa la pili anaweka kitambaa. Darasa la pili!"

"Eti jaji haonji. Aliyeoka hii ndiye aliyekosa kuonja, na macho pia hana."

"Wanamsema Dulcie wetu hawa. Dulcie! Aliyenikamata mwaka ule nimeweka esensi badala ya vanila yenyewe, tena akiwa amesimama mlangoni!"

"Waongo. Tazama mistari. Mtu wa mistari hiyo atajua nini cha ndani ya hema la keki?"

Basi ikawa hivyo. Akina mama mia na zaidi waliitazama picha, wakaona mistari kumi na moja, na hakuna hata mmoja aliyeamini neno lililoandikwa chini yake. Janelle alikuwa na siri ya kweli mikononi, akaivika nguo ya uongo, na uongo ukaaminika kuliko ukweli. Alicheka peke yake pale mezani, akajiziba mdomo. Kwa mara ya kwanza kwa miezi minane alijiona mtu.

Furaha yake ilidumu kiasi cha kikombe cha chai.

Brenton alitokea akiruka. "Maoni mia na arobaini! Wanabishana! Nilikwambia!"

Simu yake ikalia. Alikuwa Gaylene, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye kabati la biskuti.

"Brenton, wewe mwanamume una akili timamu? Wanasema unga wangu ni wa watu wasiojua kuoka! Kuna mmoja amemwaga mfuko mzima kwa kuku, kapiga picha, na ameandika kuku wamekataa!"

"Gaylene, dada, mabishano ni—"

"Mistari, Brenton! Wananiuliza mistari! Nikakuuliza mistari ya nini, ukaniambia uhalisi! Uhalisi wa nani?"

Simu ikakatwa. Brenton akageuka taratibu. Shingo ilikuwa imefika rangi ya bitiruti.

"Janelle. Ile mistari."

"Mistari ipi, bosi?"

"Uliniambia ni mtindo."

"Na wewe ukasema umeipenda."

Angeweza kumfukuza pale pale. Hakufanya hivyo, na msidhani ni wema. Macho yake yalikuwa yamekwenda kwenye kompyuta ya Janelle, ambako jambo jipya lilikuwa limeingia jukwaani, na midomo yake ikaanza kutabasamu.

Aliyeandika alikuwa Neville Stibbard, msimamizi mkuu wa hema la keki la Mount Tarrin, mzee mwenye mapenzi makubwa na akili za kiasi. Neville alikuwa amekasirika kwa niaba ya Bi Dulcie. Aliandika:

"Kina mama, tumechoka kuchafuliwa na watu wasiojua waya na kitambaa. Tuwafunge midomo mara moja. Jumamosi saa tatu asubuhi, kabla ya kuhukumu, Dulcie ataonja keki tatu mbele ya watu wote akiwa amefungwa kitambaa machoni. Moja ina kungumanga, moja ina brandi, moja ina limau. Kwake huo ni mchezo wa watoto. Waandishi wa mistari wakaribishwe waje waone!"

"Haswa!" wakaandika akina mama. "Neville, leo umesema!" "Nitakuja na viti!" "Dulcie, waonyeshe!"

Mia na kumi na wawili waliunga mkono kabla ya saa kumi. Hakuna hata mmoja aliyemtakia mabaya. Walimpenda, wakamchimbia shimo kwa upendo wao wote, na kila mmoja alileta koleo lake.

Najua mtaniambia Bi Dulcie naye ana kosa. Analo. Mwaka jana mtu alikwenda nyumbani na utepe wa buluu na mwingine alikwenda bila, na aliyeamua hakuonja hata chembe. Mama huyu amelibeba hilo mwaka mzima, na ndilo alilomwandikia Verna akilia. Lakini kuna tofauti kati ya mama kuungama kwa mdomo wake mwenyewe na mama kufungwa macho mbele ya viti mia, atafune limau na aseme kungumanga.

Janelle alisoma mara mbili.

"Sehemu ya pili!" Brenton akapiga makofi. "Imejileta yenyewe! Utakwenda Jumamosi na kamera. Nataka uso wake pale atakapokosea."

"Siendi."

"Utakwenda."

"Nimesema siendi, Brenton." Hakusema bosi, na wote wawili walisikia kwamba hakusema.

Brenton akavuta kiti, akakaa karibu, akaongea taratibu kama mtu anayemuuzia mwenzake bima.

"Sikiliza, mdogo wangu. Usipokwenda, leo hii nitaingia jukwaani nao wote wajue Bibi Verna ni nani. Jina lako, picha yako, umri wako. Mjane wa miaka sabini na moja! Na mume uliyemzika, yule uliyewasimulia alivyopenda keki ya tangawizi. Walikutumia kadi za pole ngapi?"

Zilikuwa kumi na tisa. Zilitumwa kwa sanduku la posta la ofisi, na Janelle alikuwa amezificha kwenye droo ya chini kwa sababu hakuweza kuzitupa wala kuzisoma.

"Jumamosi saa tatu," Brenton akasema akiinuka. "Vaa kitu kisichoonekana."

Huyo ndiye mwanamume. Kama mna mwingine wa kumlinganisha naye, kaeni naye huko huko.

Janelle akabaki ameinamia kompyuta. Alianza kuandika kwa Bi Dulcie, akafuta. Akaanza tena. "Usiende Jumamosi," akafuta. "Sema unaumwa," akafuta. Maana angesemaje? Verna alikuwa rafiki wa mama yule, na Verna ndiye aliyemuuza, na Verna hayupo.

Alikuwa bado anafuta wakati ujumbe mpya ulipoingia. Ulitoka kwa Dulcie Hamann.

"Verna," ulisema. "Siri ile nilimwambia mtu mmoja tu duniani. Kwa hiyo sina haja ya kuuliza nani.

"Nilikaa kuanzia saa sita nikitafuta laana inayokutosha. Nilikuwa nimeipata. Kisha nikaitazama ile picha vizuri.

"Keki imeumuka sawa. Pembe ni kali. Rangi imefika mpaka kingoni, na hiyo ni kazi ya mtu aliyezungushia bati karatasi tabaka mbili, kama nilivyokufundisha mimi mwenyewe. Mtu wa kuoka hivyo hasahau kitambaa. Na mistari imezama mno, Verna. Keki haijilalii hivyo yenyewe. Ilikandamizwa.

"Kwa hiyo kwa mkono mmoja uliniuza, na kwa mwingine ukajaribu kuniokoa, au ni mikono ya watu wawili na mmoja ni wako. Sijui wewe ni nani. Nimeuliza mji mzima wa Crows Nest, unakosema unaishi, na hakuna mjane wa jina lako. Najua tu kwamba unajua kuoka.

"Neville ameniambia nichague mtu wa kusimama karibu yangu Jumamosi, anikatie vipande na kunitilia mkononi. Nimeandika jina lako."

Janelle akafungua ukurasa wa maonyesho, akisali kwa Mungu ambaye hamkumbuki mara kwa mara. Jina lilikuwa pale, jeusi, kwa herufi kubwa, chini ya picha ya hema: MSAIDIZI WA JAJI: BI VERNA LUSK. Na chini yake akina mama walikuwa wameshaanza. "Hatimaye tutamwona Verna wetu!" "Verna, nitakuletea ile jemu ya tini!" "Mwambieni asibebe kiti, na yale magoti yake."

Magoti yale alikuwa ameyabuni mwezi Oktoba, ili ajue watu wanapaka dawa gani yakiuma.

Ujumbe wa Bi Dulcie ulikuwa na mstari mmoja zaidi.

"Njoo na keki nyingine ya mistari, nipate kukutambua."

Brenton alikuwa anapiga mluzi chumba cha pili. Mwishowe Janelle akaandika, na safari hii hakufuta.

"Nikija, Bi Dulcie, utanifanya nini?"

Mzee huandika polepole, herufi moja moja. Kisha jibu likaja.

"Sijui. Labda nitakuomba uninong'oneze: kungumanga, brandi, limau. Labda nitakivua kitambaa, nikushike mkono, niwaambie watu wote mimi ni nani na wewe ni nani. Nitaamua nikiipapasa mistari ya keki yako."